Mpeni Anayefuata

Same,
14 Februari 1994

Kaka Eliufoo,

Shikamoo. Mama hajambo? Wifi Veneranda hajambo? Mimi nipo, napumua, na kwa mtu kama mimi hiyo ndiyo habari yenyewe.

Barua hii nampa Amiri wa basi la Bombo akufikishie mkononi. Usimcheleweshe na jibu kama mara ile. Ananiambia, "Dada, kaka yako anaandika barua kama anayejenga kanisa."

Hali yangu nakueleza bila kuficha. Mwaka jana nilikuwa natoka chumbani kwangu mpaka hospitali bila kusimama. Sasa napumzika mara nne: kwa fundi cherehani, chini ya mkwaju, kwa muuza mitumba, na getini. Yule wa mitumba ameshaniwekea kigoda, wateja wake wananidhania mimi ndiye mwenye duka. Kulala nalala nimekaa, mito mitatu mgongoni. Muuguzi Ernesta akiwa kazini ananifungia mtungi wa hewa saa moja au mbili, kisha anapewa mwingine. Ndiyo zawadi yangu ya miaka kumi na mmoja shamba la mkonge, kule kwenye brashi nyuzi zinakopigwa zilainike, vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Shamba likauzwa, sisi tukapunguzwa, vumbi tukaondoka nalo.

Sasa lile jambo letu. Aliyosema Dokta Helga wa Moshi hujayasikia vizuri, kwa hiyo nakuandikia. Mapafu yangu hayarudi, dawa zinachelewesha tu. Kwao Ulaya kuna hospitali inayotoa pafu bovu na kumwekea mgonjwa pafu la mtu aliyefariki. Kutoka huku kwetu wamekubali kuchukua mtu mmoja. Jina la kwanza ni langu. La pili ni la binti mmoja wa Singida anaitwa Bahati, tulikaa naye benchi moja Moshi tukagawana chungwa, wote wawili tunahema mpaka watu wanahama. Nafasi ikipatikana wataniandikia, nami nijibu kwa mkono wangu ndani ya wiki sita kwamba nakuja. Tiketi wanatoa wao. Nitakaa jirani na hospitali kungoja pafu lenye kunifaa. Lisipopatikana, nitakuwa nimejaribu.

Siku ya kujaza fomu nilikuwa bado kwetu Bombo, nikaandika sanduku la posta la usharika. Kwa hiyo barua hiyo itaingia kwenye mfuko uleule unaouchukua wewe na kusoma majina baada ya ibada. Kaka, safari hii usingoje Jumapili. Ukiona bahasha yenye stempu ya kigeni, mpe Amiri siku hiyohiyo.

Unanijua mimi kwa utani, lakini hapa sitanii. Nina miaka thelathini na sita na nataka kuishi.

Mdogo wako,
Yudith


Bombo,
6 Machi 1994

Mdogo wangu mpendwa Yudith,

Marahaba. Amani ya Bwana iwe nawe. Sisi huku ni wazima isipokuwa Mama. Macho yamefunga kabisa sasa, na miguu imevimba hata kiatu hakiingii. Akisikia basi linapanda ananiuliza, "Yudith kashuka?" Namwambia bado. Anauliza tena, "Nikifa Yudith atakuwepo?" Mtoto wa kike ni mmoja tu hapa nyumbani, na unajua kwetu mama anavishwa na nani siku ya mwisho.

Mvua si haba. Ndiva yetu, bwawa letu la kumwagilia, imejaa nusu, nasi wazee tumeanza kugawa zamu za maji. Juzi kulikuwa na kelele. Lukasi alifiwa wiki ya zamu yake, akaomba apishwe. Tukampa maji anayefuata. Mzunguko ulipoanza upya, Lukasi akafunguliwa wa kwanza, kabla hata ya shamba la mchungaji, na baadhi ya vijana wakanung'unika. Nikawaambia ndio utaratibu tuliorithi, tangu ndiva hii ichimbwe hakuna mtu aliyekosa maji kwa sababu ya kumpisha mwenzake. Wakashika majembe yao wakaondoka.

Kuhusu barua yako, mfuko nauchukua mwenyewe kama unavyojua. Cha kukuambia sina. Barua za nje huchukua muda, na mambo ya Mungu hayana haraka. Wewe pumzika, ule vizuri. Veneranda anakutumia maharage na tangawizi.

Kaka yako,
Eliufoo


Same,
2 Mei 1994

Kaka Eliufoo,

Shikamoo. Maharage nimeyala, tangawizi naichemsha kila asubuhi. Mshukuru wifi.

Mambo ya Mungu hayana haraka, lakini mapafu yangu yana haraka. Yale mapumziko manne yamekuwa saba. Nimeacha kufua, nimeacha kupika ugali kwa sababu kusonga kunanitoa roho, nakula uji na wali. Nikicheka nakohoa, kwa hiyo hata Ernesta amekatazwa kunichekesha, na hilo ndilo ninalolilia zaidi.

Dokta Helga amekwenda kwao likizo ndefu. Nilimwandikia mwezi wa tatu kumuuliza nafasi imefikia wapi, na kwa kuwa sina sanduku lingine nikampa lilelile la usharika. Hajajibu. Si kawaida yake. Yule mama akikuahidi Jumanne, Jumanne kafika.

Nakuuliza tena, na usiniudhikie. Una hakika barua hazipotei? Hakuna mwingine anayegusa mfuko? Nakumbuka mwaka themanini na tatu tulivyokuwa tunapanga foleni ya sukari pale duka la ushirika. Unaweka jiwe lako kwenye mstari, unakwenda kulima, unarudi jiwe lako bado lina nafasi. Nawaza kwamba huko kwa Wazungu hakuna jiwe. Ukigeuka nyuma, imekwenda.

Mama mwambie nampenda. Mwambie nikipona nitapanda kwa miguu kutoka Gonja bondeni mpaka mlangoni kwake, nimkute amekaa barazani, nimbebe mgongoni.

Yudith


Bombo,
29 Mei 1994

Mdogo wangu Yudith,

Marahaba. Niudhike kwa nini? Mfuko haugusi mtu mwingine. Ufunguo ninao mimi, na kwenye mfuko huo mpaka leo hakuna barua ya kukuletea.

Nimekaa nikafikiri sana juu ya safari hii. Umewahi kujiuliza, ukifia huko, nani atakuzika? Watakuchoma kwa moto kama wanavyofanya. Au pafu likikubali, utarudi na pumzi ya mtu usiyemjua hata jina. Sisemi ni dhambi. Mchungaji mwenyewe anasema si dhambi. Nasema tu mtu afikiri.

Rudi nyumbani. Amiri atakupandisha kiti cha mbele, polepole. Mama anakungoja wewe, hangoji mtu mwingine. Hewa ya Bombo ni safi, hakuna vumbi la Same.

Kaka yako akupendaye,
Eliufoo


Bombo,
9 Agosti 1994

Mwanangu Yudith,

Ni mimi mama yako. Anayeandika ni Veneranda, mimi nasema yeye anaandika, na nimemwambia asipunguze neno. Eliufoo amekwenda mkutano wa dayosisi mpaka Jumapili. Nimeona ni nafasi nzuri nikushukuru mwenyewe, maana yeye kila siku ananiambia atakuandikia kwa niaba yangu, na mimi naona shukrani ya mama haipelekwi na mtu.

Mwanangu, Mungu akubariki. Eliufoo alinisomea ile barua ya Wazungu ilipokuja mwezi wa pili, kwamba wanakuita. Moyo wangu ulikatika. Nikasema basi, simwoni tena. Wiki iliyofuata akaniambia umejibu kwamba huendi, umeomba wampe mwingine mpaka mama yako apate kuzikwa na mikono yako. Nililia mwanangu. Nikawaambia wanawake wa kitongoji chote. Mama Lukasi akasema, mtoto kama huyo hazaliwi kila nyumba. Tangu siku hiyo nakula. Siogopi tena.

Najua unaumwa. Najua umeacha kitu kikubwa. Usidhani mimi mzee sielewi.

Akina mama wa kanisa wanakuombea kila Jumatano.

Mama yako

Wifi, mimi Veneranda nakusalimu. Hivyo ndivyo alivyosema Mama, sijapunguza. Sote tulikusifu.


Same,
13 Agosti 1994

Eliufoo,

Sina shikamoo ya kukupa leo.

Amiri ameniletea barua ya Mama. Nimeisoma nimekaa kwenye kile kigoda cha muuza mitumba, na nilipofika katikati nikashindwa kuvuta pumzi. Wamenibeba mpaka hospitali. Nimepata fahamu nikiwa kwenye mtungi, karatasi bado iko mkononi, Ernesta ameshindwa kunifungua vidole.

Mwezi wa pili! Mungu wangu, barua ilikuja mwezi wa pili! Tarehe sita mwezi wa tatu ukaniandikia habari za Lukasi na ndiva, na barua yangu unayo ndani ya nyumba! "Cha kukuambia sina." "Hakuna barua ya kukuletea." Nimezitoa barua zako zote nimezipanga kitandani. Kumbe hukuandika hata mara moja kwamba haijaja. Umepita pembeni ya uongo kama mtu anayeruka dimbwi, mzee mzima wa usharika, ili Jumapili usimame mbele ya watu viatu vikiwa safi.

Nijibu haya. Barua iko wapi? Ilisema nini? Nani alijibu kwa jina langu, na alisema nini? Na ile niliyomwandikia Dokta Helga mwezi wa tatu, alijibu?

Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni kwenda zahanati nilipoumwa surua. Ndiye uliyegoma kula siku walipotaka kuniozesha kwa yule mzee. Ningeambiwa mtu yeyote mwingine Bombo nzima amenifanyia hivi, ningekuja kwako kushtaki.

Mama asiambiwe kitu. Nimemjibu leo kwamba ndiyo, ni mimi niliyekataa, na ale vizuri. Kwa hiyo umenifanya na mimi mwongo.

Yudith


Bombo,
21 Agosti 1994

Yudith,

Nimeanza barua hii mara tano. Ndani ya bahasha utakuta zote mbili, ya mwezi wa pili na ya mwezi wa tano. Sikuzichoma. Zilikuwa ndani ya Biblia.

Ya kwanza ilifika tarehe ishirini na saba Februari, Jumapili. Niliiona kabla ya ibada. Nilisimama mbele kusoma majina, nikasoma la Lukasi, la mwalimu, la mjane wa Bwana Abednego, nikafika kwenye lako nikalikunja. Nilitaka kumpa Amiri kesho yake. Jioni nikamsomea Mama, na usiku huo akazidiwa. Akashika mkono wangu akasema, usiniache nife mtoto wangu yuko kwa Wazungu. Mimi ni mtoto wake pia, Yudith. Ningemwambia nini?

Tarehe tatu nilijibu. Nakuandikia neno kwa neno, sitaki kukuficha kitu tena: "Mimi Yudith nina mama mgonjwa sana. Naomba mnipishe mzunguko huu. Mpeni anayefuata. Mzunguko ujao mtanifungulia mimi kwanza." Nikasaini kwa jina lako.

Haki ya Mungu, nilidhani ni hivyo. Miaka kumi na tisa nagawa zamu za maji. Mtu akiwa na msiba anapishwa, na nafasi yake haiguswi. Sikujua kuna watu duniani wana utaratibu mwingine. Nilisema Mama hatafika mwezi wa sita, tutamzika, utaondoka na baraka zake, utakuta nafasi yako. Niliona nimewatendea wote wawili.

Ndipo mwezi wa tano ikaja ile ya pili, ambayo Dokta Helga anasema binti wa Singida amekwishasafiri, na kwamba nafasi ilikuwa moja. Anasema hajawahi kuona moyo kama wako. Nilipoisoma nikakaa chini pale posta. Ndipo nikakuandikia urudi nyumbani. Nilishindwa kukuambia, niliogopa.

Utauliza kwa nini sikukuuliza kwanza. Nilijua nikikuuliza utasema unakwenda.

Nimemweleza mchungaji. Uzee wa kanisa nimeuacha. Zamu za maji nimewaachia wengine. Niambie nifanye nini. Nilikwenda Moshi wiki hii nikawaambia wanipime, wachukue pafu langu moja wakupe. Daktari kijana akaniambia, mzee, hapa hatufanyi hivyo, nenda nyumbani.

Nisamehe.

Eliufoo


Same,
8 Desemba 1994

Eliufoo,

Barua zako tatu za tangu Agosti nimezipata. Sikuzijibu kwa sababu pumzi ya kuandika nilikuwa naitumia kumwandikia Dokta Helga. Amenijibu kwa jina la Ernesta, kupitia sanduku la hospitali ya hapa, maana lile la usharika sitaki hata kulisikia. Amesikitika sana. Anasema ule mpango umefungwa, na hata ungekuwa wazi, vipimo vyangu vya sasa haviruhusu. Wanataka mgonjwa aweze kutembea mita mia mbili. Mwezi wa pili nilikuwa naziweza. Hiyo nimeipigia mstari kwa wino mwekundu.

Sasa nikueleze ya mazishi ya Mama, kwa sababu najua watu wamekuambia sikutaka kuja.

Nilikuja. Amiri alinichukua Jumanne alfajiri, Ernesta pembeni yangu na mtungi tulioazima. Kisiwani nilikuwa mzima. Ndungu nilikuwa mzima. Tulipofika Gonja, tukaanza kupanda, kona ya tatu nikaanza kuwa wa bluu mdomoni. Amiri akasimama. Akangoja. Akajaribu tena polepole kama anavyobeba mayai, na mimi nikazimia. Ernesta akasema tukiendelea, leo Bombo watazika wawili. Wakageuza gari. Nikakaa Gonja barazani kwa mtu nisiyemjua, naitazama milima yetu na ukungu wake, mpaka saa kumi jioni waliposema ameshazikwa.

Amevishwa na Veneranda. Najua amefanya vizuri, ana mikono ya upole. Lakini Mama alikula miezi tisa kwa kuamini ni mikono yangu.

Uliniuzia kitu kimoja, Eliufoo, kwamba mama yangu atazikwa na mimi. Ulinitoza uhai wangu, na hata hicho sikukipata.

Unaniomba nikusamehe. Labda ungekuwa mwovu ingekuwa rahisi. Ungekuwa umekula kitu, umepata shamba, umefanya kwa wivu, ningekulaani nikalala. Lakini ulinipenda ukanifanyia hivi, na ulikuwa hunihesabu kuwa mtu mwenye neno. Hapo ndipo panaponiuma. "Nilijua nikikuuliza utasema unakwenda." Nimeisoma hiyo mpaka karatasi imechanika.

Hii ndiyo ya mwisho kwako. Maharage msinitumie.

Yudith


Ulaya,
11 Januari 1995

Dada yangu mpendwa Yudith,

Shikamoo dada. Sijui kama unanikumbuka. Mimi ni Bahati wa Singida, tulikaa benchi moja Moshi ukanipa nusu ya chungwa, na uliniambia nikikohoa nikohoe kwa zamu ili tusigongane. Nilicheka siku nzima.

Dokta Helga amenipa anwani ya hospitali ya Same. Amesema nikuandikie tu salamu, wala nisikuchoshe. Lakini mimi nimeshindwa kukaa na neno hili moyoni.

Mwezi wa saba waliniwekea mapafu mapya. Nililala siku nyingi, nilitaka kufa, joto lilipanda, wakasema mwili unakataa, kisha ukakubali. Siku ya kwanza niliyovuta hewa mpaka ikafika chini kabisa, niliogopa nikaita muuguzi, nikidhani kuna kitu kimeharibika. Nilikuwa nimesahau. Sasa napanda ngazi ghorofa nne. Napanda nashuka, napanda nashuka, mpaka Wazungu wananishangaa. Nimeimba. Nilikuwa sijaimba tangu darasa la sita.

Waliniambia nafasi ilikuwa yako, na kwamba uliandika mwenyewe, mpeni anayefuata, kwa ajili ya mama yako. Dada, mimi mama yangu alikufa nikiwa mdogo, na hakuna mtu aliyewahi kuniachia hata kiti. Kila nikipumua nakutaja. Nimewaambia wote hapa, kuna mwanamke wa Upare aliyenipa maisha na hakunidai kitu.

Mama anaendeleaje? Na wewe, zamu yako imefika? Nakuombea iwe karibu. Wanasema nikiendelea hivi, mwezi wa nane nitarudi nyumbani. Nitakuja kukuona. Niambie nikuletee nini.

Mdogo wako,
Bahati


Same,
20 Februari 1995

Bahati mdogo wangu,

Marahaba. Nakukumbuka. Chungwa lile lilikuwa chachu na wewe ukalisifu.

Mwandiko huu ni wa Ernesta. Mimi nasema maneno matatu, napumzika, nasema mengine matatu. Imetuchukua siku mbili. Ernesta ananikataza kusema nitakayosema, na mimi nimemwambia aandike kama yalivyo.

Nilipoipata barua yako nilikuchukia. Kwa siku nne. Nilisikia umepanda ngazi ghorofa nne nikaona umezipanda juu ya kifua changu. Siku ya tano nikakumbuka ulivyokuwa unahema pale benchi, nikaona aibu. Wewe huna kosa. Uliitwa, ukaenda.

Lakini usinishukuru, Bahati. Sikukuachia. Mwezi ule ulipoitwa nilikuwa nimekaa hapa nangoja barua, nampigia magoti kila mtu anayetoka Bombo. Barua ilikuwa imefika. Kaka yangu aliificha, akajibu kwa jina langu, kwa ajili ya mama yetu. Maneno yale, "mpeni anayefuata", ni yake. Mimi ningeulizwa ningesema nakuja, na wewe ungebaki kwenye benchi. Ungekufa labda, na mimi ningepanda ngazi hizo naimba. Nakuambia ili usimuombee mtu mwema ambaye hayupo. Mama yangu alikufa akinishukuru kwa kitu hichohicho, na sikuweza kumwambia. Kwako naweza. Angalau mtu mmoja duniani ajue kwamba nilitaka kuishi.

Mama amezikwa. Zamu yangu haitafika. Usilie, kulia si kuzuri kwa kifua kipya.

Unauliza uniletee nini. Ukija mwezi wa nane hutanikuta. Lakini nataka kitu, na ni wewe tu unayekiweza.

Panda basi la Amiri mpaka Gonja. Hapo shuka. Usikubali akupandishe, hata akisema ni mbali, na atasema. Panda Bombo kwa miguu. Kuna njia ya mkato wanayopita akina mama wa sokoni, ni kali, kona zake unazihesabu mpaka unachoka, na ukifika nusu utasikia maji yanatoka ndiva kwenda mashambani. Mimi nimeipanda njia ile tangu nikiwa na miaka saba, na ndizi kichwani. Ukichoka pumzika, lakini usipumzike sana. Imba kama una wimbo.

Ukifika juu, ulizia kwa Eliufoo, aliyekuwa mzee wa usharika. Nyumba ya bati, mgomba mmoja mlangoni. Atakuwepo, siku hizi hatoki. Piga hodi. Usimwambie nimekusamehe wala sijakusamehe, maana mwenyewe sijui. Mwambie tu jina lako, na kwamba umetoka Gonja kwa miguu.

Kisha mwombe maji ya kunywa, ukae barazani, umwache akusikilize unavyohema.

Dada yako,
Yudith